Rungu Ukumbini

Jumapili jioni, Karatu. Ukungu umeshuka kutoka kreta ya Ngorongoro tangu alfajiri na hauna habari ya kurudi kwao. Misa sikwenda. Nilikwenda mnadani, na padri akisoma hapa ajue kwamba nako niliwakuta waumini wake wengi.

Moyo wangu si mzuri leo. Mzaha nafanya, lakini si mzuri.

Mjukuu wangu Pendo yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Kesho anasimama mbele ya kamati ya nidhamu. Kosa lake ni kuingia ukumbini na silaha. Silaha yenyewe ni rungu.

Na rungu hilo nilimpa mimi.

Ngoja nieleze taratibu, maana kuna wasomaji humu wanaomaliza nusu ya habari wakaanza kunitukana kule chini kwenye maoni.

Pendo ni mwenyekiti wa klabu ya midahalo. Alipokuja likizo alinieleza kwamba wanataka kujadili habari ya Ngorongoro, wafugaji wabaki au wahame, ila anaogopa. Wasomi wa siku hizi hawasikilizani. Mtu akifungua mdomo na si wa upande wao, wanamzomea mpaka akae. Nikamwambia Wamasai walishamaliza ugonjwa huo zamani. Kwenye vikao vyao anayesema husimama na rungu mkononi, na hakatizwi mpaka amalize, awe anasema la maana au anasema upuuzi. Kisha anampa mwingine. Mimi ni Mwiraqw, Mmbulu kama wanavyotuita, kumsifu Mmasai kunaniuma meno, lakini kwa hili wametuzidi. Akaondoka na rungu langu begini, lile nililopewa na rafiki yangu Lekishon, Mmasai wa Endulen, huko huko Ngorongoro.

Nisijifanye mwema. Nilimpa kwa sababu nilidhani watakaozomewa ni wale wanaosema wafugaji wabaki, na huo ndio upande wangu. Nilitaka watu wangu wasikike. Wale wengine hata sikuwafikiria.

Kumbe siku ya mdahalo watu wangu ndio walioujaza ukumbi. Walisema, wakapigiwa makofi. Kisha akasimama kijana mmoja, Mmasai, akasema familia yao ilihama kwa hiari, wamepata nyumba, na mama yake hafuati tena maji mbali. Ukumbi ukawaka. Msaliti. Umenunuliwa. Kaa chini. Pendo akashuka jukwaani, akamwekea rungu mkononi, akasimama kando yake mpaka akamaliza. Halafu akampa msichana mmoja aliyesema, huku analia, kwamba bibi yake alizaliwa kule na hataki kufia kwingine. Naye akasikilizwa kimya vilevile.

Sasa wenzake hawamsemeshi, eti alimlinda adui. Na walinzi wakaripoti silaha za jadi. Walinzi siwalaumu sana. Rungu lile limeshawahi kumlaza fisi.

Mshauri wa wanafunzi alimwita pembeni. Ni mama mpole, Pendo anasema. Alimwambia akubali tu kwamba ilikuwa silaha, aombe radhi, aahidi klabu haitagusa tena mambo yenye siasa, yaishe. Akikataa, anaweza kusimamishwa masomo mwaka mzima. Yule mama mwenyewe alikuwa na hofu. Alifunga mlango kwanza ndipo akasema.

Jana Pendo akanipigia. Babu, niseme nini?

Nikamwambia nitamjibu leo, kama mtu mwenye busara anayetaka kutafakari. Busara gani. Nilitaka kumwambia akubali. Mama yake anashinda sokoni na mboga kwenye baridi hii ili mtoto asome.

Ndiyo maana leo nilimfuata Lekishon mnadani. Yeye ana boma Endulen. Kwake habari ya kuhama si mdahalo, ni paa lake. Nilimkuta ameshauza dume lake, amekaa kwenye nyama choma, akaniuliza nimekuja kula au kuomba. Nikamwambia nimekuja kuchukua ng'ombe ambao babu yake aliwaiba kwetu.

"Walikuwa wetu," akasema. "Nyinyi Wambulu mlikuwa mnatuchungia tu."

Tukacheka, nikamsimulia. Nilipofika kwenye habari ya yule kijana aliyehama nikatamani kuruka kipande hicho. Sikuruka. Lekishon akaacha kutafuna. Akaweka kisu chini.

"Alimaliza kusema?"

"Alimaliza."

"Hakuna aliyemkatiza?"

"Pendo alikuwa amesimama pale."

Akakiokota tena kisu. Kisha akasema, "Huyo kijana amekosea. Ningekuwepo ningemjibu mpaka jasho limtoke. Lakini ningengoja amalize."

Nikamweleza yale wanayotaka Pendo akubali kesho. Akatikisa kichwa.

"Akiliita silaha yeye mwenyewe, siku mimi nikisimama nalo kusema shida yangu, watasema nimekuja kupiga."

Akakata kipande cha ubavu, kile kizuri, akanipa. Halafu akaendelea kuwatukana Wambulu kama kawaida.

Nimerudi, nikampigia Pendo. Nikamwambia maneno ya Lekishon kama yalivyo. Nikamwambia na yangu: ukikubali, mimi sitakudharau, chuo si mchezo. Ukikataa na wakakurudisha nyumbani, kitanda chako kipo, na mama yako nitamkabili mimi. Kwa kweli kamati ya nidhamu siiogopi kama ninavyomwogopa mama yake.

Pendo akaniambia kwamba alishaamua kabla hata ya kunipigia. Walinzi atawaomba radhi, kwa sababu alipita getini nalo bila kuwaeleza. Lakini hataliita silaha, wala hataahidi klabu kufunga mdomo.

"Sasa jana uliniuliza nini?"

"Nilitaka kujua kama utakuwa na mimi, Babu."

Nikasema niko naye. Mzaha wowote haukunijia, jambo ambalo mimi mwenyewe limenishangaza.

Kikao ni saa nne asubuhi. Nitakuwa shambani nang'oa maharage, simu kwenye mfuko wa shati, nikijifanya sisubiri chochote.

Mama yake hajui. Namsikia hapo nje anafunga mafungu ya sukuma wiki ya kesho, anaimba wimbo wa kwaya, sauti imemkauka kwa baridi. Nitoke nimwambie sasa hivi, au nimwache amalize kwanza wimbo wake?