Raundi Mbili za Magesa

Alhamisi, 1 Agosti 1985
Suruali tatu za shule zimekwisha. Uzi mweusi umeniishia, nimeunga na wa bluu, mwenye nguo atavumilia. Jioni Buhare, mazoezi. Bondia wangu Magesa ana miaka thelathini na tisa. Pumzi anayo, kasi hana. Mpango wa pambano la Jumamosi tumeupanga mimi na yeye: raundi nane. Sita za mwanzo akwepe tu, kijana wa Bunda arushe mikono mpaka aishiwe. Ya saba na ya nane amfuate. Kona yake nimekaa mimi tangu tukiwa vijana. Chama cha ndondi kinatafuta mwalimu, na Magesa hana kingine anachokitaka duniani. Akishindwa kiume, bado watampa. Akishindwa kwa aibu, basi.

Jumapili, 4 Agosti
Tumeshindwa. Kwa pointi. Ukumbi wa Bunda ulijaa mpaka madirishani. Magesa alikwepa raundi sita kama tulivyopanga, kijana akaanza kuhema, kengele ikalia, mwamuzi akainua mkono wa kijana. Magesa alikuwa amekaa kwenye stuli anangoja ya saba. Watu wakacheka. Leo tumerudi juu ya lori la pamba.
Siandiki zaidi.

Jumanne, 6 Agosti
Kwa kinyozi hakukaliki. Kila mtu bingwa wa ndondi. Mmoja anasema Magesa angeingia tangu raundi ya pili, ampige kijana tumboni. Mwingine anasema mtu mzima hashindani mbio na kijana, alifanya sawa, kosa ni la waamuzi. Kinyozi mwenyewe akaleta la tatu: Magesa aliogopa. Hapo wakakubaliana wote, washenzi. Wakaniuliza mimi. Nikasema mimi naendaga kona kubeba maji tu.
Mwongo mkubwa.

Alhamisi, 8 Agosti
Niandike, maana humu hasomi mtu. Kabla ya pambano karani wa meza ya waamuzi alituita watu wa kona. Dizeli ya jenereta haitoshi, giza litatukuta, kwa hiyo raundi ni sita. Kipaza sauti kilizimwa kubana mafuta hayohayo. Tukaagizwa kila mtu amwambie bondia wake. Mwenzangu wa Bunda alimwambia wake. Mimi sikumwambia Magesa.
Sikusahau. Namjua. Angesikia sita angeingia kichwakichwa, na yule kijana ana ngumi nzito, na jicho la kushoto la Magesa mimi ndiye ninayejua lilivyo bovu. Nikajiambia heri apoteze pointi kuliko jicho. Nani alinipa kazi ya kumwamulia? Jicho lake, ngumi zake.
Leo mkewe kapita dukani. Shemeji anasema Magesa hali vizuri, na kila mara anamuuliza kama ni kweli amekuwa mwoga. Nikakanyaga cherehani bila kitambaa mpaka akaondoka. Naona aibu mpaka kwenye mifupa.
Keshokutwa kamati ya chama inakaa kuamua ualimu.

Jumamosi, 10 Agosti
Tulikaa darasani, shule ya msingi. Wawili walishasema ualimu apewe mwingine, vijana wasije wakafundishwa woga. Magesa kainamisha kichwa, hajitetei. Nikasimama. Nikasema yote. Karani, dizeli, sita, mimi. Mwenyekiti akauliza kama Bunda walinipa chochote. Nikasema wallahi hapana, nilimhurumia tu.
Hapo Magesa akainua kichwa. Akaniuliza kitu kimoja: "Fundi, ya sita ilipoisha, nilikuwa nimechoka?"
"Hapana, kaka. Ulikuwa ndiyo kwanza unaanza."
Akavaa kofia, akatoka.

Jumatatu, 12 Agosti
Ualimu kapewa. Nimesikia kwa watu. Kwa kinyozi sasa wanabishana kama angeshinda lau angezipata zile raundi mbili. Wengi wanasema angeshinda. Na mimi nasema hivyo.
Jioni shemeji kaleta sato wawili. Kasema Magesa anashukuru kwamba nilisema. Kasema pia kona kampa mtu mwingine. Nikamwambia sawa, mpe salamu.
Nimewapara samaki mwenyewe. Tumekula na mama watoto.