Mashine ya Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza. Miezi miwili tangu tumzike binti yangu. Chumba chake cha kazi pale chuoni kiko vile vile, hata kikombe kiko mezani. Kompyuta ishirini na nne, kuukuu tupu. Maofisi yalizichoka, akaziomba. Alitaka kuziunganisha zifanye kazi kama moja kubwa. Hesabu ya mto — mvua ikinyesha kiasi hiki, maji yataingia nyumba zipi kule bondeni. Kompyuta moja ingeipiga mwaka mzima. Ishirini na nne zikigawana, kama watu wanaolima kwa ujima, siku chache tu.

Mwalimu mwenzake kaniuliza kama nitaweza. Mimi! Niliyefunga umeme wa chuo hiki chote kabla yeye hajaota meno. Kanionyesha: fungua, safisha, chomeka flashi, bonyeza FUTA, programu mpya inaingia yenyewe. Ni ya bure, watu wameiandika wakaigawa, kila mtu achote. Akaongeza maneno mengi, sijui alama, sijui uangalie. Nikamwambia, Mwalimu, ng'ombe hazeeki maini. Akacheka, akaniachia ufunguo.

Jumatano, 6 Machi

Tisa tayari. Vumbi humo ndani — moja ilikuwa na kiota cha panya. Maganda nayaosha kwa sabuni nje, juani. Mke wangu kaleta chai, kasimama akinitazama. "Kumbe kuosha unajua. Watoto wanne nimekulelea, hukuosha hata mmoja." Tumecheka. Mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akaingia ndani, akakalia kiti cha mwanawe. Nikazidi kusugua.

Jumamosi, 9 Machi

Zote! Ishirini na nne kwa siku sita. Kijana gani angeweza?

Ya kumi na saba ilikuwa na mkanda wa gundi mgongoni, umeandikwa. Mwandiko wake — ile herufi yake yenye mkia mrefu. Sabuni ilishaanza kuula wino. Niliubandua polepole kabla haujafutika, nimeubandika hapa kwenye daftari. Miwani sivai, macho yangu mazima. Mwandiko naujua, maneno yatasubiri.

Mke wangu hakusoma shule. Kaupapasa mkanda kwa kidole. Kaandika nini? Nikasema, jina lake.

"Jina refu hivyo?"

Ndiyo, nikasema. Kaliandika lote.

Jumanne, 12 Machi

Nyaya zote nimezichomeka kwenye kisanduku kimoja, zimenyooka kama nywele zilizochanwa. Mwalimu kawasha. Zimeamka moja moja, kila moja na taa yake ya kijani kwenye kioo. Kanishika mkono kwa mikono miwili. "Fundi, wewe kiboko." Najua.

Kasema Ijumaa tuwaite watu, tuzipe hesabu ya marehemu. Imo kwenye mashine yake, kasema, ile niliyokwambia usiifute, yenye mkanda. Nakala hakumpa mtu, alisema mpaka aikamilishe. "Mkaidi yule! Sijui kamrithi nani." Akanitazama, akacheka. Na mimi nikacheka.

Nyumbani nimechukua miwani ya mke wangu ya kushonea. Herufi moja moja.

USIFUTE. KAZI YANGU IMO HUMU.

Alhamisi, 14 Machi

Jana sikuandika.

Leo asubuhi nimekwenda peke yangu, nikaiwasha ya kumi na saba. Safi. Haina kitu. Miaka mitatu ya mtoto wangu nimeifuta kwa kidole hiki, nikajisifu. Taa za kijani, za programu mpya, zilipaswa kuwa ishirini na tatu. Mwalimu hakuzihesabu.

Nilikwenda kumwambia. Nikafika mlangoni kwake. Shikamoo mzee, karibu ukae. Nikamuuliza kama ana ufagio.

Kanipa. Nimefagia chumba kizima, na ukumbi.

Mke wangu anapiga pasi nguo yake ya heshima. Anasema kesho atamsikia mwanawe akifanya kazi. Nimemwambia zile ni feni tu zinazovuma. Kasema, wewe nawe, niache.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nje, kwenye ngazi. Ndani viti vimejaa. Mkuu wa chuo kaja. Watu wa bondeni nao, wamekaa nyuma. Fundi viatu mmoja wao kanivuta shati pale mlangoni — mzee, nyumba yangu imo au haimo? Niambie mapema nihamishe cherehani. Nikamwambia subiri.

Mashine zinavuma zote. Zinasikilizana, kazi yangu haina kasoro. Hazina la kuhesabu.

Mke wangu kakaa mbele, kaniwekea kiti kwa mkoba wake. Mwalimu kasimama mbele ya watu. Mzee, tuonyeshe, ya binti yetu ni ipi? Nikasema nisubirini, miwani nimeiacha nje.

Miwani imo mfukoni.

Nimeubandua mkanda kutoka daftarini. Gundi bado ina nguvu, umenata kwenye kidole hautoki. Mlango umefunguka — mke wangu. Anasema, mzee, unaandika nini tena, watu wanangoja.

Kauona mkanda.

"Afadhali umeuleta. Njoo uwasomee jina la mtoto."