Pini Yenye Kucha

Salim, huna haya wewe! Mtu yuko Brazili anampelekea bibi yake maiti kwenye kisanduku cha zawadi?

Babu yako hajambo, yuko shamba na mitende yake. Hapa Ibra, huku Omani, sote wazima, ila mimi sina uso wa kuonana na watu.

Umeuliza kama nimeipenda pini. Niliipenda, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Kijani kinachong'aa, shungi jekundu kichwani, nikasema wallahi hii hariri. Nikaibana kwenye shela, nikaenda nayo kwenye hitima kwa jirani, Bi Zuwena. Wanawake wakaisifu, nikavimba. Nikasali nayo! Wakati wa kahawa Bi Zuwena akaishika.

"Dada, pini yako ina kucha."

"Kucha za wapi?"

"Za ndege! Umetuvalia mzoga, mwenzangu."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikarudi nyumbani kuoga na kusali upya.

Kicheko si kitu. Utotoni kwetu Unguja chozi, kindege mdogo kama huyu, alijenga kiota kwenye kamba ya nguo. Mama akatukataza kuigusa kamba mpaka makinda yaruke, nguo tukaanika majanini. Mimi, mtoto wa mama yule, nimemvaa ndege nisimjue, kwa kupenda sifa.

Nimemzika chini ya mkomamanga. Usininunulie mwengine. Nenda huko msituni umtafute aliye hai, usimame umtazame anavyonyonya maua, kisha uniandikie. Na barua uianze kwa shikamoo.