Kidonda cha Baba na Udaktari wa Mara Mbili

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na tafadhali nisome mpaka mwisho kabla hujanikunjia uso, maana nimebakiwa na siku tisa tu za kujibu barua ya chuo na kila nikishika kalamu mkono unakuwa mzito.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, nimemaliza mwaka wa tatu, imebaki miwili nianze kazi, na baba yangu ambaye ni kinyozi amekwisha kuwatangazia wateja wake wote kwamba binti yake ni daktari, kiasi kwamba mtu akiwekwa kitini anyolewe anaanza kwanza kueleza habari za kiuno chake. Sasa mwaka huu wodini niliwakuta wazee wawili vitanda vya jirani, wote wana kisukari, wote wana kidonda mguuni, sukari zao zinakaribiana, dawa ni zilezile, muuguzi anayewafunga bandeji ni yuleyule, lakini mmoja kidonda kikafunga ndani ya wiki sita akaenda zake nyumbani, na mwenzake kikabaki wazi mpaka akakatwa vidole viwili. Nikamuuliza daktari bingwa, "Kwa nini huyu amepona na yule hakupona?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye faili, "Hatujui. Ukijua, njoo unieleze." Mshauri, neno hilo halikuniacha tena, nakula nalo, naoga nalo, nikipanda ngazi za chuo napanda nalo.

Nikaanza kwenda maabara ya profesa mmoja anayechunguza vidonda visivyopona, kwanza kuosha vyombo tu, baadaye akaniruhusu kushika darubini, na mwezi uliopita akaniambia kuna nafasi ya kusomea mambo mawili kwa pamoja, udaktari wa tiba na shahada ya uzamivu, yaani nisimamishe masomo ya wodini, niingie maabara miaka minne nifanye utafiti wangu mwenyewe, kisha nirudi nimalizie ile miwili, nitoke nikiwa mtu anayetibu na anayetafuta pia. Nilimgusia baba juu juu. Akasema, "Miaka sita tena? Mwanangu, mimi daktari mmoja ananitosha, wa pili wa nini?"

Hapo bado sijafika kwenye jambo lenyewe. Baba naye ana kisukari, na ana kidonda kwenye wayo wa kushoto kinachoingia mwezi wa tano kwa sababu kutwa amesimama, na mimi ndiye ninayemfunga bandeji kila Jumapili, na ameacha kwenda kliniki, anasema, "Nikapange foleni ya nini na daktari ninaye ndani?" nami sikumkatalia kwa sababu, Mungu anisamehe, nilipenda kusikia hivyo. Basi Jumapili moja nilichukua kijiti cha pamba cha maabara nikakipitisha kwenye kidonda chake. Akauliza, "Hicho cha nini?" Nikamjibu, "Nasafisha tu, baba." Nikakipeleka maabara, nikakiandika namba badala ya jina, na baada ya siku chache nikakuta vijidudu vimejikusanya vikajifunika utando mzito ambao dawa haiupenyi kirahisi, kitu nilichokuwa nimekisoma tu vitabuni, na nikafurahi, Mshauri, nilifurahi mpaka nikamwita profesa aje aone, na ilipita dakika nzima kabla sijakumbuka kwamba ule ni mguu wa baba yangu. Profesa akauliza ni wa nani, nikasema wa mgonjwa wa nje. Sasa anataka sampuli zaidi za mgonjwa huyo. Je, mwenye moyo kama wangu anafaa kuwa daktari hata mara moja, sembuse mara mbili? Niikubali nafasi hii au niiache nimtibu baba?

Binti wa Kinyozi

*

Binti wa Kinyozi,

Umeniuliza maswali mawili na yote yanaweza kungoja. Lisiloweza kungoja hukuliuliza: mguu. Mzee ana kisukari, ana kidonda miezi mitano, haendi kliniki, na daktari wake ni mwanafunzi wa Jumapili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta wenyewe ni mguu wa mtu. Ndiyo maana Jumatatu, mara tu nilipomaliza kusoma, nilikupigia kwa namba uliyoiandika chini ya barua nikakuambia mfunge duka mwende kliniki kesho yake asubuhi, na huko wewe uwe binti, ushike kadi yake, ukae kwenye benchi.

La furaha yako, acha kujitukana. Nilifanya uuguzi miaka ishirini na mitatu kabla ya kukaa kwenye safu hii, na waliokuwa wakinitisha ni wale wasiotaka kujua chochote. Kosa lako ni pale uliposema "nasafisha tu." Mwili wa mtu hauchukuliwi kitu bila yeye kuelezwa na kukubali, na awe huru kukataa, hata kama ndiye aliyekuzaa. Ukamdanganya baba, ukamdanganya na profesa juu yake. Nilikuambia ukiri kwa wote wawili, na ukifukuzwa, ukubali umefukuzwa kwa haki.

Alhamisi ulinirudishia simu, na nakusifu kwa hilo. Ulimwambia baba alipokuwa anafagia nywele. Akamaliza kufagia, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, baba."

"Tena ukiwa umeushika mguu wangu."

"Ndiyo."

Akainama akaitazama bandeji yake. Kisha akasema, "Haya. Uliona nini humo?" Ukamchorea vile vijidudu na utando wao nyuma ya kalenda, akakuuliza maswali karibu saa nzima, mteja anangoja mlangoni. Sasa unajua udadisi wako umeutoa wapi. Kliniki wamekikwangua kile kidonda, wamembadilishia dawa, na wamesema amechelewa ila mguu bado ni wake. Profesa naye ulipomweleza ukweli alikasirika, akaitupa sampuli, akakuamuru umalize mafunzo ya maadili ya utafiti kabla hujagusa kijiti kingine. Nafasi hakukunyang'anya. Baba amekubali nichapishe haya yote, mradi niandike kwamba bado ananyoa, ila siku hizi ananyoa akiwa ameketi kwenye stuli.

Sasa la masomo. Nilimtafuta daktari mmoja aliyepita njia hiyo. Aliniambia kilichomliza hakikuwa maabara, ilikuwa kurudi wodini: wenzake aliokaa nao dawati moja ndio waliokuwa wakimwamrisha, na mikono yake imesahau hata kutafuta mshipa. Basi kabla hujatia sahihi, muulize profesa wangapi wameanza naye, wangapi wamemaliza, na mmoja wao uongee naye bila profesa kuwepo. Dai nusu siku ya wodi kila wiki kwa miaka yote minne, na iandikwe. Bandeji ya baba mwachie muuguzi wa kliniki. Jumapili kaa naye mzungumze kama watu.

Mimi naona uende. Lakini sahihi ni yako na miaka sita ni yako, usije siku moja ukachoka ukasema gazeti ndilo lililokutuma.