Rubani wa Kiti cha Nyuma

Jumanne, 8 Julai

Vipande kumi na tisa leo. Nakata kwa kikata kucha, nasugua kwa tupa ya kucha, napuliza vumbi. Kitabu cha maelekezo kinasema utumie koleo maalumu. Koleo maalumu nitalitoa wapi mie, na eda hii, hata mlangoni sisogei?

Bawa la kushoto limekaa. La kulia limegoma. Nimelilazimisha, likakaa upande kama mlevi. Nimelibandua, gundi ikavuta nyuzi mpaka kwenye kanga. Nimeitukana ndege, kisha nikaleta istighfari.

Boksi hili limekaa juu ya kabati miaka tisa. Injinia mmoja mgeni alimpa mume wangu Rajabu siku anarudi kwao. Rajabu alipakia mizigo uwanja wa ndege tangu ujana wake. Alitakaga urubani, macho yakamkatalia. Ndani ya boksi ndege ya kivita, ya plastiki, vipande mia kadhaa, unaunganisha mwenyewe. Ikiisha inakuwa ndefu kama mkono wangu kuanzia kwapani. "Usiliguse, Mwanahawa. Nikistaafu tu." Miaka tisa nafuta vumbi juu ya boksi. Imebaki miezi mitatu astaafu, Aprili ile, presha ikapanda, kaanguka bafuni, kaondoka.

Basi nimeligusa. Na nina hasira naye. Niandike tu, hakuna wa kusoma. Bangili zimevuliwa, hereni, kipini, wanja hakuna, udi hakuna, kutoka hakuna. Miezi minne na siku kumi nikae natazama ukuta? Sitazami.

Alhamisi, 10 Julai

Mnafiki yule! Chini kabisa ya boksi, chini ya vipande vyote, nimekuta tishu imeviringishwa. Imenichoma kidole, kumbe ndani mna sindano. Sindano na marubani wawili. Wameshakatwa, wameshasuguliwa, wameshapakwa rangi. Alikuwa analifungua! Mie nakatazwa hata kulisogeza, kumbe bwana mkubwa akibaki peke yake analiteremsha, anacheza, analirudisha, anakaa mezani ananitazama usoni anakula wali wangu.

Ndege ina viti viwili, kimoja nyuma ya mwenzake. Rubani wa mbele uso wake maji ya kunde, na sharubu. Ndiye yeye huyo, kajipendelea, kitambi hakipo. Wa nyuma kapakwa vizuri pia, ila pembeni ya pua pana nukta ya njano. Rangi imedondoka. Ndiyo kawaida yake, hajapata kufanya kazi bila kuchafua kitu. Akipaka dari, sakafu inajua.

Nimechovya pamba kwenye thina, nimeifuta mpaka pua imetakata. Kama mwenye kazi sasa ni mie, kazi itakuwa safi.

Jumapili, 13 Julai

Kaja wifi yangu Zuhura kutoka Temeke, dada yake Rajabu. Hakuniuliza nimeamkaje. Kaikuta ndege mezani, kaizunguka, kainyanyua bila kuomba. Kasema ikiisha itapendeza saluni kwa mumewe. Itaning'inizwa juu ya kioo, wateja waitazame wakinyolewa. Siku ya kutoka eda vitu vya marehemu vinagawanywa, hii ni ya marehemu, basi inakwenda kwa ndugu zake. Kaongea utadhani anasoma ratiba ya ibada.

Saluni! Ndege ya Rajabu izungukezunguke na upepo wa feni, nywele za watu ziirukie! Mashati wachukue. Saa wachukue. Baiskeli wachukue, na pampu yake. Hii hapana.

Nimemwambia hapana. Kacheka. Eti wifi, mjane hachezi midoli, watu watasema umechanganyikiwa.

Kaondoka nikarudi mezani. Lazima niimalize kabla ya siku hiyo. Ikiwa vipande ndani ya boksi, watalibeba boksi. Ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, na nimeisimamisha mie, waje waichukue mbele ya macho yangu tuone.

Jumatano, 16 Julai

Gundi vidole vitatu. Adhana ya adhuhuri inalia, mie nasugua mkono kwa jiwe la miguu, maana udhu haupiti juu ya gundi. Ngozi imetoka, gundi imebaki. Nimeswali nimechelewa na vidole vinawaka moto.

Hiyo gundi, walioitengeneza hawaswali.

Jumamosi, 26 Julai

Imepata magurudumu. Nimeiweka mezani nikarudi nyuma niione vizuri. Ikainua pua, ikakaa kitako. Polepole, kwa dharau. Nimeisukuma, ikakaa tena.

Nimerudi kwenye kitabu. Hatua ya sita, picha ya mzani mdogo kando ya pua ya ndege. Nilipoiona mwanzo nilidhani wanaonya usiiwekee kitu kizito juu. Kumbe wanasema utie uzito ndani ya pua kabla ya kuifunga! Mie nimefunga, nimepiga gundi, nimepiga puti ya kuziba maungio, nimepiga msasa siku tatu. Jambo kubwa hivyo wanalichora dogo kama kunguni. Hawana haya.

Nimemwita jirani yangu Mama Getruda, Mngoni wa Songea. Siku hizi ndiye miguu yangu. Kaenda kwa fundi tairi, kaomba vile vipande vya risasi wanavyobandika kwenye rimu. Kaleta kiganja kizima, kaniuliza, "Shoga, unataka kumpiga nani?"

Nimeikata pua kwa msumeno wa chuma. Nimelia kidogo, ila nimekata. Nimejaza, nimefunga, nimeanza puti upya.

Imesimama. Nikigonga meza inatikisika, inasimama.

Ijumaa, 8 Agosti

Sasa kioo. Kile kifuniko cha kung'aa juu ya marubani. Jana nimekibandika kwa gundi kali ya dukani, leo asubuhi nimekikuta kimeota ukungu mweupe ndani na nje. Marubani wangu wamekaa kama wako kwenye friji.

Nimekibandua kwa wembe. Nimekisugua kwa dawa ya meno na fulana ya Rajabu, ile iliyotoboka kwapani niliyomwambia aitupe, akagoma. Asubuhi nzima, na mchana baada ya chakula. Mkono umekufa ganzi. Lakini kimerudi. Unaona mpaka mikanda ya viti. Nimekibandika tena kwa gundi ya maji ya watoto wa shule, ambayo ndiyo ningeanza nayo kama kitabu kile kingekuwa na utu.

Jumanne, 12 Agosti

Sijui nianzie wapi. Mwandiko huu utasomwa na kuku.

Taa za mabawa. Kulia kijani, kushoto nyekundu. Kijani ipo. Nyekundu imekauka kwenye kichupa. Mama Getruda kanipa rangi ya kucha ya binti yake. Nahitaji tone moja, nalitia kwa njiti ya kiberiti. Nimetia. Limekaa vizuri, duara, linang'aa.

Ndipo Zuhura kaingia bila hodi.

Mjane ndani ya eda, kichupa cha rangi ya kucha mkononi. Nyekundu.

Kanikamata mkono. Kanigeuza vidole kimoja kimoja kama mwalimu wa zamu. Kucha zangu nyeupe, zimejaa puti. Hakutosheka, kanitazama na miguu! Nimemwambia ni taa ya ndege. Kasema tangu lini ndege ikapakwa rangi ya kucha. Kanipokonya kichupa, katumbukiza kwenye mkoba wake, eti ushahidi. Mama atajua, ukoo mzima utajua, mjane wa Rajabu anajiremba kaka yake hajamaliza hata miezi minne ardhini. Na hiyo ndege mie siistahili, ataichukua siku hiyo hiyo ya kutoka.

Yarabi. Miaka ishirini na nne nimeishi na kaka yake. Nimemfulia, nimemuuguza, nimemfumba macho. Tangu Aprili sijagusa hata mafuta ya nazi yenye harufu. Nanuka thina kama gereji. Nijirembe nimwonyeshe nani, mjusi wa darini?

Angenipiga kofi ningeumia kidogo zaidi ya hapa. Hapana. Angenipiga kofi nisingeumia hivi. Hata kuandika siwezi.

Alhamisi, 14 Agosti

Simu nne tangu jana. Shangazi wa huku, binamu wa kule. Wote wanaanza na "pole mwaya," wote wanaishia kwenye kucha. Wa mwisho nimemkatia.

Mama mkwe wangu, Bi Mgeni, atakuja Jumapili kutoka Kinondoni. Kasema atasikiliza pande zote mbili. Akisema ndege iende, itakwenda. Kwa Bi Mgeni hakuna rufaa.

Stika zote nimeshabandika. Ndege imekwisha. Sikufurahi hata chembe.

Jumapili, 17 Agosti

Wamekuja saa nne. Nimempa mama shikamoo, kaitikia, kakaa. Amekonda tangu msiba. Zuhura kakitoa kichupa mkobani, kakiweka mezani mbele ya ndege, kasema yake yote bila kumeza mate. Mjane. Kucha. Midoli. Saluni. Urithi.

Nilikuwa na maneno ya kujaza gunia. Nimeyapanga tangu Jumanne. Mama hakuniuliza hata moja. Kasema tu, "Hiyo taa iko wapi?"

Nimemwonyesha bawa la kushoto. Kaliangalia tone. Kasema, "Na kulia kijani. Rajabu alikuwa akinieleza mpaka nasinzia."

Kisha kainama kwenye kioo. Macho kafanyiwa upasuaji mwaka jana, sasa anamwona hata sisimizi. Kamtazama wa mbele, kacheka puani. Kamtazama wa nyuma. Kaniuliza, "Huyu wa nyuma kipini chake kiko wapi?"

Sikuelewa. Nimesema kipini gani, mama.

Kasema Rajabu alikwenda kwake na marubani wawili kwenye tishu, akaazima sindano yake, akakaa kizingitini pale kwenye mwanga. Nukta moja ya njano, eti dhahabu, kwenye pua. Alikosea mara tatu, akafuta mara tatu. Mama alipomuuliza, huyo mwanamke ndani ya ndege ya vita ni nani, akasema ni Mwanahawa, nimemweka nyuma ili anigombeze vizuri njia nzima. "Na sindano yangu hajairudisha," mama kasema.

Nimekaa chini. Sakafuni, pale pale. Nimesema nimeifuta mie. Nilidhani ni uchafu.

Mama kaniwekea mkono kichwani, mzito. Kisha kamgeukia Zuhura bila kupandisha sauti. "Hii haigawanywi. Mwenyewe ameshaigawa."

Zuhura kachukua mkoba. Kichupa kakiacha.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeshinda. Ndege ni yangu, wamekubali wote, Mama Getruda kapiga vigelegele uani.

Pamba ile niliisugua kwa nguvu. Nakumbuka nguvu yenyewe. Nilimwita mchafu.

Jumapili, 31 Agosti

Nimetoka eda. Nimeoga alfajiri, nimevaa dera la rangi. Wanawake wamekuja, pilau limeliwa, dua imesomwa. Mashati yamekwenda, baiskeli imekwenda. Saa kachukua Zuhura. Kaivaa pale pale, mkanda wa mwanamume umemzidi, ikamteleza mpaka kwenye kiwiko, ndipo kaanza kulia. Nimempa kanga ajifute. Alipoondoka kaipita ndege kwa mbali, asiiguse.

Baada ya alasiri nyumba imetulia. Nimetoa kipini changu kwenye kopo. Tundu lilikuwa limeanza kuziba. Kimeingia kwa maumivu, damu kidogo, basi.

Kisha nimelowanisha kingo za kioo kwa maji ya uvuguvugu. Gundi ya shule imeachia bila ugomvi. Nimefungua kichupa cha njano. Nimekwenda kukaa kizingitini, kwenye mwanga, na sindano ya mama. Nimeshika pumzi.

Nukta imekwenda upande kidogo.

Sikuifuta. Nimefunga kioo.