Shangazi, Nimekwamwa na Mwiba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza bila salamu. Wewe ndiye uliyenifunza.

Unaikumbuka ile filamu tuliyoitazama Ngumbo, kwenye banda la video, likizo yangu ya mwisho kwako? Ulisema unanisindikiza tu, kisha ukakaa benchi la mbele. Tajiri mbahili alimwomba muuza samaki ajifanye mchumba wake, ili babu yake asimnyime urithi. Wakiwa mezani, yule dada akakwamwa na mwiba. Wakati huohuo babu akamuuliza kama anamkubali mjukuu wake. Yeye akawa anainamisha kichwa na kuinua, anaonyesha koo, anaomba maji. Wote mezani wakadhani amekubali, wakapiga vigelegele.

Ulicheka mpaka kitenge kikakulegea. Banda zima likakusikia ukisema kwamba huyo hajazaliwa ziwani, hajui kula samaki wa miiba kama mbasa. Tulipokuwa tunarudi ukaniambia, "Mwanamke akikwamwa, akohoe. Akinyamaza watamvisha pete."

Nilicheka pia. Sasa sicheki.

Wiki iliyopita alikuja hapa Namswea mzee mmoja, ametumwa na yule mnunuzi wa kahawa wa Mbinga mjini, mwenye gari jeupe, aliyefiwa na mke. Nilidhani wana mazungumzo ya kahawa na baba. Nikaitwa sebuleni, mzee akaninyooshea kifurushi. Nikapiga magoti, nikakipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu cha mkubwa. Nikasema asante. Kumbe kile kifurushi ndicho kilikuwa swali la posa, na mimi nilikuwa nimeshalijibu.

"Mmeona wenyewe," mzee akamwambia baba. "Kwa mikono miwili."

Baba akafurahi. Mama akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Shangazi, kwetu binti huulizwa na shangazi yake, pembeni, kabla wageni hawajapewa jibu. Wewe tumeshakuzika, na mimi sijaulizwa na mtu. Wenzangu niliomaliza nao shule wananitania kwamba nitapanda gari, nisije nikawapita barabarani bila kuwapungia mkono. Mama anasema yule ni mtu mpole, nitampenda taratibu. Hata kwenye filamu walipendana mwishoni. Hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu kila mtu ananisimulia mwisho na hakuna anayeniuliza kuhusu mwanzo. Yule dada alikuwa anaigiza. Filamu ilipokwisha alirudi kwao. Mimi nitarudi wapi?

Sili vizuri. Nikisikia gari linapanda mlima, nakimbilia dirishani kuchungulia kama ni jeupe. Kile kifurushi kilikuwa na kitenge; nilikifunga, sijakifungua tena. Nasubiri matokeo ya kidato cha nne, nataka kuendelea kusoma, na sauti yangu bado ni ile uliyoiita ya kifaranga.

Jumapili baada ya misa wanakuja kuchukua jibu. Baba atasema binti ameridhika, na mimi nikinyamaza, yatakuwa yamekwisha.

Kwa hiyo nimekuwa nikijizoeza. Jana nilikohoa jikoni, mama akadhani ni moshi, akafungua dirisha. Leo nimekohoa tena. Hakugusa dirisha. Aliweka mwiko chini, akasogea karibu, akauliza polepole kama ambavyo wewe ungeuliza, "Una nini kooni, mwanangu?"

Nilikimbia, shangazi. Nimejifungia chumbani, nakuandikia. Lakini namsikia, hajaendelea kupika. Ananisubiri.

Pumzika. Naenda kumjibu.

Mimi, binti wa kaka yako