Mwaga Oili, Litatulia

Mbeya, Jumatatu

Dada yangu Twilumba,

Kamwene, dada. Hali yako vipi, na watoto, na baridi ya huko Kilolo? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaumwa. Kabla ya yote, barua hii usimsomee Mama. Msomee salamu, halafu uikunje.

Najua mnasubiri Landrova yangu ije kumchukua Mama kumpeleka hospitali Tosamaganga, maana mguu wake umefika pabaya na basi halifiki kijijini. Haiji. Imekufa, dada, na walioiua ni watu wazima wenye wake na watoto.

Aliyeniuzia alikwisha kurudi kwao, na mimi unanijua, mtu wa baiskeli. Nikaambiwa wenye magari hukutana Mbalizi kila Jumapili baada ya ibada, nyuma ya kituo cha petroli, na kwamba pale hakuna ugonjwa wa gari usio na mganga. Ni kweli. Shida ni kuingia. Wenye Landrova hukaa ukutani, wenye Pejo kwenye viti, wenye malori husimama, na wote husema kwa wakati mmoja. Jina lako halina kazi, unaitwa kwa gari lako. Ukimwuliza mtu wa gia habari za breki, hakujibu. Ukiuliza lililokwisha kuulizwa, wote wanakugeukia: hilo lilishasemwa. Lilisemwa lini, shauri yako. Siku ya kwanza nilipowaamkia kwa lugha ya kwetu, mmoja akawaambia wenzake wafunge mbwa wao, Mhehe ameingia, ule utani wao kwamba tunakula mbwa. Mgeni ni kuku mweupe, nikacheka nao.

Injini yangu ilikuwa inatoa moshi na kelele. Nikamwuliza Bwana Pejo, mkubwa wao, yule wa tumbo na soksi ndefu. Hata hakunitazama.

"Mwaga oili, liwashe, litatulia."

Nikauliza nimwage yote? Akasema yote. Sasa wewe dada, ukiambiwa mwaga maji, si unamwaga? Kumbe kwa wenye magari kumwaga oili ni kutoa chafu na kutia mpya, ila hiyo ya pili haitamkwi, kila mtu anaijua. Mimi sikuijua, na kuuliza tena niliogopa kuambiwa lilishasemwa. Nikalala chini ya gari pale pale, nikafungua nati, nikaimwaga mpaka tone la mwisho, wao wameshika vikombe vya chai wananitazama. Mmoja hata alinisaidia kukaza nati. Hakuna aliyeniuliza oili mpya iko wapi.

Saa nane ilikuwa inakaribia, na siku hizi Jumapili baada ya saa nane ni marufuku gari kuonekana barabarani, kwa ajili ya shida ya mafuta. Basi nikaondoka mbio. Kwenye mlima wa kurudi mjini injini ikaanza kugonga, ikalia, ikanyamaza. Nilitegemea wenzangu watanivuta. Walikuja kweli, wakapita mmoja mmoja kwenda makwao, wakinipigia honi. Baadaye akaja polisi kuniuliza gari linafanya nini barabarani saa zile. Fundi ameifungua, anasema imenoki, vyuma vimeshikana, na spea hazipatikani.

Jumapili iliyofuata nilirudi pale kwa basi. Bwana Pejo huenda Iringa kwa biashara zake, na sina mwingine wa kumwomba. Nikaeleza habari za mguu wa Mama mbele ya wote. Wakaweka vikombe chini, nikadhani wameona haya. Akasema atampitia Mama, yeye hana ubaya na mtu, ila kwanza nijibu swali.

"Oili inamwagwa. Halafu?"

"Inajazwa," nikasema.

"Sauti."

"Inajazwa."

Wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi kwa kucheka. Nikaletewa kiti. Ninawachukia, dada, kila mmoja na gari lake, na Jumapili ijayo nitakwenda tena, kwa sababu habari za spea husikika huko tu.

Nisalimie shemeji, na mjomba Kalolo aliyenikataza kununua gari. Mwambie afurahi polepole. Nisalimie shangazi wa mtoni na mama mkwe wako.

Bwana Pejo atafika kwenu Alhamisi ya wiki ijayo. Pika kuku, firigisi mpe yeye, mshikie maji ya kunawa na umwite baba. Mama akiuliza Landrova iko wapi, mwambie nimeiuza. Unamjua Mama: atamshika yule mtu mikono miwili, amwombee kwa Mungu maisha marefu na safari salama. Usimkatize. Itikia amina, tena kwa moyo wako wote, maana Mama atakuwa ndani ya gari hilo.

Ni mimi mdogo wako,
Lusungu